Nyota nne kwa Hmongtown ya St. Paul, na hesabu ya Wakenya pembeni

Nyota nne kati ya tano. Ile ya tano imeliwa na maegesho ya magari, nitafika huko.

Kwa wageni wa Minnesota: Hmongtown Marketplace iko Como Avenue, St. Paul, si mbali na bunge la jimbo. Sisi wa Brooklyn Park tunavuka mto Mississippi kuifikia. Usitarajie vioo na ngazi za umeme. Pale palikuwa yadi ya mbao, na ukitazama paa na upana wa milango bado unaiona yadi. Mwaka 2004 Toua Xiong, Mhmong, yaani mtu wa jamii ya milima ya Laos, aliyekuja nchi hii akiwa mkimbizi, aliigeuza kuwa soko. Leo ni majengo mawili yenye vibanda zaidi ya 200, na kiangazi wanaongeza soko la mboga nje.

Mimi kinachonipeleka ni managu (mnavu), basi nianze na managu. Sisi Wagusii, yaani Wakisii, tuko wengi hapa, na mtu wetu anaweza kuvumilia baridi ya Januari lakini si mwaka mzima wa spinachi ya mifuko. Wahmong wanapenda mboga chungu kama sisi. Kuanzia Julai utayakuta managu chini ya mahema, mafungu yamefungwa vizuri, majani mapana, yamechumwa asubuhi hiyo. Kando yake kuna majani ya malenge, yale tunayoita risosa, machanga, na vikono vyake vinavyojisokota bado viko. Terere, yaani mchicha, pia ipo. Wao wanachemsha na kuku, supu nyepesi, bila mafuta. Nilipomweleza mama mmoja kwamba mimi natia kitunguu, nyanya na maziwa, alicheka mpaka akamwita mwenzake aje asikie. Fungu ni dola mbili tatu, na mwisho wa siku ukinunua mengi unaongezewa moja bila kuomba. Siku hizi wauzaji kadhaa ukikaribia tu wanakuambia “managu, managu”, na huyo aliyewafundisha lazima ni Mkisii.

Mboga hizo hazitoki mbali. Familia za Kihmong zinalima mashamba nje ya mji, nyingi kwa kukodi, na tangu 2011 wana chama chao cha wakulima, Hmong American Farmers Association, chenye shamba la ekari 155 kaunti ya Dakota. Walianza kwa kulikodi, baadaye wakalinunua. 

Ndani, nenda moja kwa moja kwenye chakula. Soseji za nguruwe zenye mchaichai, mabawa ya kuku yaliyotolewa mifupa yakajazwa tambi na nyama, na wali wa kunata wa zambarau unaofinyanga tonge kama la ugali. Lakini kitu cha kusimama na kutazama ni saladi ya papai bichi. Mama ana kinu cha udongo na mchi wa mti. Atakuuliza pilipili ngapi. Usijitie ujasiri, sema mbili. Anatupa pilipili na kitunguu saumu, anatwanga mara tatu nne, anaongeza sukari, anakamua limau na maganda yake anayaacha humo humo, anatia nyanya ndogo. Kisha atakuuliza kama unataka ya Kithai, yenye karanga, au ya Kilao. Sema ya Kilao. Hapo anachota samaki aliyechachushwa, rojo la kijivu lenye harufu ya kukufanya ugeuke utazame nyuma, na uji mweusi wa kaa. Papai lililokwaruzwa nyuzi nyuzi linaingia mwisho. Mkono wa kulia unatwanga, wa kushoto una kijiko kirefu kinachopindua, na havigongani. Kabla ya kukupakulia anakuonjesha kwa ncha ya kijiko huku amekukazia macho. Ukikunja uso, anaongeza limau. Nimekula hoteli za vitambaa vyeupe ambako hakuna aliyejali kama nimekunja uso.

Sahani ile nailia meza za katikati ukipata kiti, na hapo ndipo huanza kupiga hesabu ambayo Wakenya wenzangu hawaipendi.

Kanisani kwetu kuna imani kwamba sisi ndio tumefaulu. Tumesoma, tunajua Kiingereza, tuna leseni za uuguzi, na “hao watu wa Laos” walikuja hawajui hata kushika kalamu. Nusu yake ni kweli. Laos iliangukia mikono ya wakomunisti wa Pathet Lao mwaka 1975. Wahmong wa milimani waliokuwa wamepiganishwa na CIA, shirika la ujasusi la Marekani, katika vita vya siri, pamoja na Walao wa mabondeni waliofanya kazi na serikali ya zamani, walivuka mto Mekong wakaingia kambi za Thailand kama Ban Vinai na Nong Khai. Wengi walifika hapa na mfuko mmoja. Sensa ya 1990 iliwakuta zaidi ya asilimia 60 ya Wahmong wa Marekani wako chini ya mstari wa umaskini. Walao wenyewe, ambao sensa huwahesabu peke yao, walikuwa karibu asilimia 35. Miaka kumi baadaye Wahmong walikuwa wameshuka chini ya 40, na Walao chini ya 20. Sasa keti Hmongtown Jumamosi moja, uniambie ni kabila gani la Afrika Mashariki limepanda ngazi kwa kasi hiyo likianzia chini kiasi hicho.

Sisi hatukuanzia hapo. Mkenya wa Minnesota kwa kawaida alikuja kwa viza ya mwanafunzi, au kwa ile bahati nasibu ya grinikadi inayotaka angalau uwe umemaliza sekondari au una ujuzi wa kazi. Maana yake tulichujwa kabla ya kupanda ndege. Tulishuka tukijua kujaza fomu. Wiki chache baadaye mtu yuko darasa la usaidizi wa wauguzi, mwezi unaofuata anageuza wazee kitandani usiku, halafu anasoma polepole mpaka anakuwa nesi kamili. Wengine wamefungua kampuni zao za kutunza wagonjwa majumbani. Ukilinganisha karatasi za mshahara, mtu mmoja kwa mtu mmoja, sitashangaa nesi Mkenya akimshinda mama wa kinu cha papai mara mbili.

Lakini utajiri hausomwi kwenye karatasi ya mshahara peke yake, na hapa soko lile linasema jambo ambalo jedwali halisemi. Angalia nani anauza. Nyuma ya kibanda cha mboga ni bibi, yule aliyevuka Mekong. Binti yake anapokea pesa. Mjukuu, ambaye wiki nzima yuko ofisini mjini, amekuja kubeba masanduku. Vizazi vitatu, shamba moja, kibanda kimoja, na mara nyingi nyumba moja. Serikali ikihesabu kipato cha kaya, watu wanne wenye kazi wanaonekana kaya moja yenye pesa nzuri. Gawanya kwa vichwa, inapungua. Kwetu kaya ni mume, mke na watoto wawili, mmoja akirudi kutoka zamu mwingine anatoka, wanaonana mlangoni. Kwa hiyo mtu akikuletea takwimu za Wakenya na Walao, muulize kwanza: ya kaya au ya kichwa?

Na bibi yetu? Kwao bibi yuko nyuma ya kibanda, kwetu bibi yuko mwisho wa laini ya M-Pesa. Wao walikimbia ukoo mzima kwa sababu kurudi hakukuwezekana. Sisi tulikuja mmoja mmoja, tukaacha wazazi, wadogo wa kusomeshwa, na ploti ya Kitengela inayosubiri ukuta. Mwaka 2024 Wakenya walio ng'ambo walituma nyumbani karibu dola bilioni 4.9 kwa hesabu za Benki Kuu ya Kenya, na sehemu kubwa kuliko zote ilitoka Marekani. Sasa hata hizo kuna anayezimega: tangu Januari 2026 ukienda kutuma kwa pesa taslimu, serikali ya hapa inakata asilimia moja. Tumia akaunti ya benki, dada zangu.

Sisemi kutuma ni kupoteza. Ada ya shule inalipika na dialisisi ya baba inalipika kwa zamu ya Jumapili usiku, na ile nyumba ya mawe ya kijijini ni mali hata kama sensa ya Marekani haiioni. Nasema tu kwamba dola ya Mhmong inapotoka mfukoni inaingia kwa Mhmong mwingine: mboga, fundi cherehani, wakala wa kodi, wakili, daktari wa meno, mpaka nyumba za mazishi. Wana nyumba za mazishi zinazojua mazishi yao ya siku tatu nne, na wanazika hapa. Sisi mtu akifariki tunafungua kundi la WhatsApp, tunachanga maelfu ya dola, na mwili na pesa vinapanda ndege pamoja. Ni heshima, nami nimechanga na nitachanga tena. Ila usishangae kwamba baada ya miaka yote hii ya kuosha wazee wa Minnesota hatuna paa moja letu la kuuzia unga.

Tuna maduka, ndiyo. Kuna moja upande wetu, jina nalihifadhi, ambapo mwenye duka ni wa kwetu na hutuuzia kwa bei ya mateka. Unga wa mahindi umepita tarehe, stika imebandikwa juu ya tarehe. Ukimwambia, anakujibu, “Sista, unga hauozi.” Ukiuliza managu, ni yale ya kugandishwa, na ukiyeyusha unapata maji ya kijani. Nilimuuliza kwa nini asinunue mabichi kwa Wahmong akatuuzia. Akasema hatuwezi kuendesha mpaka St. Paul kwa ajili ya mboga. Wakati huo nilikuwa nimetoka St. Paul na mboga ziko kwenye buti.

Haki ya wao pia niiseme: si peponi. Siku ya kibanda ni ndefu, kodi ya kibanda haingoji theluji iyeyuke, na wale wajukuu wanaobeba masanduku ukiwauliza kama watarithi kinu wanatazama simu. Wengi wanasomea famasia na kompyuta, na sidhani kama bibi analalamika. Kisiasa nao wametutangulia mbali: Mee Moua aliingia seneti ya jimbo mwaka 2002. Sisi tulingoja mpaka uchaguzi wa 2024 ndipo Huldah Momanyi Hiltsley, mzaliwa wa Kenya, akachaguliwa kwenda bunge la jimbo kutoka huku kwetu Brooklyn Park. Siku ile tulipiga vigelegele mpaka jirani mzungu akaja kuuliza kama kuna harusi.

Turudi sokoni, maana mtu amekuja kusoma kama aende au asiende.

Nenda. Nenda asubuhi siku ya kazi kama zamu yako ni ya usiku. Jumamosi ikigonga saa tano utazunguka na gari mpaka hamu ya chakula iishe, na watu wanaegesha kwa kubanana hadi mlango haufunguki. Nilikatwa kioo cha pembeni na mtu asiyeacha hata karatasi, na nyota ya tano ikaenda na kioo. Beba pesa taslimu, vibanda vingi vya mboga havitaki kadi. Vyoo ni safi asubuhi, mchana usiseme. Viti vya kulia havitoshi, na mwenye mtoto mchanga atapata taabu na kelele na joto la Julai. Upande wa dawa za mizizi mimi napita tu, nafanya kazi hospitali na nimeona mengi. Nguo zao za mwaka mpya, zile za kudarizi zenye sarafu zinazolia ukitembea, zitazame hata kama hununui. Kudarizi nguo moja kwa mkono kunaweza kuchukua majira mazima ya baridi. Mwezi wa Mei wanauza miche, na mche wa managu ukiupanda nyuma ya nyumba unakula mpaka baridi ya kwanza ya Oktoba.

Usipunguze bei kama uko soko la Daraja Mbili, Kisii. Uliza mara moja kwa upole, akikataa, lipa. Bibi yule ameamka gizani kuchuma.

Chinsaga (mgagani) tu ndiyo hutaipata. Hiyo bado ni ya akina mama wetu wanaoilima nyuma ya nyumba na kuiuza kwenye buti za gari baada ya ibada, dola tano mfuko, na hawataki kusikia habari ya kukodi kibanda. Nimeshawauliza. Mmoja aliniambia, “Mama, kodi ya kibanda ni ada ya mtoto wangu wa Form Three.” Nikanunua mifuko miwili.