Chambo bandia kwa kuhe na ngege: uzoefu wangu katika maji maangavu ya Ziwa Tanganyika

Nimevua kwa fimbo katika Ziwa Tanganyika kwa misimu minne ya kiangazi, karibu mara zote kati ya Katonga na fukwe za mawe zilizo kusini magharibi ya mji wa Kigoma, na fedha nyingi nilizotumia mwanzoni zilikwenda kwenye vyambo visivyofaa kabisa kwa maji yetu. Maji haya ni maangavu mno. Siku isiyo na upepo ninaona mawe yaliyo mita kumi hivi chini ya mtumbwi, na samaki aina ya kuhe akipita juu ya mchanga ninaweza kumfuata kwa macho mpaka atokomee. Hiyo ina maana kwamba kuhe naye ana muda wa kukikagua chambo kabla ya kuamua, na kitu kinachong'aa kupita kiasi au kinachopiga kelele majini humfukuza badala ya kumvuta.

Kuhe ndiye mkubwa kuliko wote katika jamii ya sikilidi, ukoo ule ule wa perege na ngege, na anaweza kupita urefu wa sentimita 80. Hula samaki wadogo, wakiwamo dagaa, kwa hiyo chambo chake lazima kifanane na kisamaki chembamba chenye ubavu wa fedha. Kosa langu la kwanza lilikuwa kununua mtandaoni seti ya vyambo 30 vya plastiki vya rangi kali kwa bei iliyonivutia. Kuhe walivifuata hadi karibu na mtumbwi na kugeuka, na yule mmoja aliyeuma alizinyoosha ndoana zake kama waya laini. Baada ya hapo nilimwomba ndugu yangu anayeishi Uingereza aniletee vyambo vitatu tu, nikavijaribu kwa utaratibu mahali pamoja na saa zile zile za asubuhi.

Cha kwanza kilikuwa Mepps Aglia namba 2, chambo cha Kifaransa chenye jani la fedha linalozunguka, uzito wa gramu 4.5. Kinarushwa mbali hata upepo ukiwapo, na sikilidi wadogo wa kwenye mawe hukirukia bila kusita, jambo ambalo lingemfurahisha anayeanza. Kwa kuhe mkubwa, hata hivyo, mng'ao wa jani hilo jua likiwa juu ulikuwa mkali mno. Nilipata matokeo mazuri alfajiri tu na siku za mawingu. Kinasokota uzi vilevile, kwa hiyo usikitumie bila kizungusho kidogo cha chuma. Cha pili kilikuwa Rapala, chambo cha kuelea chenye umbo la samaki, ya sentimita 7, iliyochongwa kwa mti mwepesi wa balsa, na mwendo wake ukivutwa polepole unafanana sana na dagaa aliyejeruhiwa. Ninaipenda, lakini haizami zaidi ya mita mbili hivi, nayo ndoana zake za meno matatu hunasa kwenye mawe. Niliziondoa nikaweka ndoana moja moja, na tangu hapo imenisaidia kwenye ghuba zenye mchanga.

Chambo kilichobadilisha uvuvi wangu ni cha tatu, nzi bandia (ndivyo wavuvi wanavyokiita chambo chepesi cha manyoya kilichofungwa kwenye ndoana, hata kikifanana na samaki) anayeitwa Clouser Minnow. Aliyekibuni ni Bob Clouser, mvuvi wa Pennsylvania nchini Marekani, na alikikusudia kwa samaki wa mto Susquehanna, lakini ungedhani alikitengeneza akiyatazama mawe ya Kigoma. Ni ndoana moja iliyofungiwa manyoya membamba, na karibu na tundu lake kuna macho bandia mawili ya madini ya risasi yaliyofungwa upande utakaoifanya ndoana isafiri ikiwa imegeuka, ncha ikitazama juu. Kwa sababu hiyo hupita juu ya jiwe bila kunasa, mahali ambapo Rapala ingebaki huko. Ukivuta mkono kinaruka mbele, ukiacha kinainamisha kichwa na kuzama, nami naweza kusema kwamba kuhe wengi walikichukua wakati kinazama, si wakati ninakivuta. Mshipi ukilegea ghafla au ukienda kando kidogo, inua fimbo mara moja.

Mwaka 2024, ziwa lilipofungwa kwa shughuli za uvuvi kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane, niliitumia miezi hiyo kujifunza kuwafunga nzi hao mwenyewe. Nilitumia manyoya ya mbuzi mweupe kwa tumbo, machache yaliyotiwa rangi ya kijani cha mzeituni kwa mgongo, na nyuzi chache za fedha katikati. Wanyoofu na wembamba ndio wanaovua. Nilipoongeza manyoya ili wapendeze machoni mwangu, walizama polepole na kuhe wakawapuuza. Urefu wa sentimita 6 hadi 8 unatosha. Rangi nyekundu niliiacha, kwa kuwa mwanga mwekundu hufifia mapema majini na chini huonekana kama weusi tu.

Uzi unahitaji uangalifu uleule. Ninaunga mita tatu za florokaboni, aina ya uzi wa plastiki, yenye unene wa milimita 0.20 mbele ya mshipi, kwa sababu mwanga hupinda ndani ya florokaboni karibu kama unavyopinda majini, na hivyo uzi wake hauonekani kwa urahisi kama wa nailoni. Mzee mmoja wa Katonga, ambaye amevua kwa mshipi wa mkono tangu utotoni, alinionya nilipokuwa nimesimama wima kwenye mtumbwi: "Mwanangu, ukikiona kivuli chako majini, yeye alishakiona." Tangu siku hiyo ninavua nikiwa nimeketi, jua likinielekea usoni.

Kwa ngege mambo ni tofauti. Chakula chake kikubwa ni mwani, na sijapata hata mmoja kwa Mepps wala Rapala; wachache niliowapata walichukua nzi mdogo wa kijani kwenye ndoana namba 12, akiachwa atulie karibu na majani. Mvua zikianza, Mto Luiche humwaga tope kusini mwa Ujiji, na huko sishauri chambo chochote kinachotegemea macho ya samaki.

Jambo moja linanigusa sana. Kuhe dume na jike hulinda kiota na watoto wao pamoja, na wakati huo hukishambulia chochote kinachokaribia, kwa hiyo Clouser Minnow humpata mlinzi kwa mrusho wa kwanza au wa pili. Nilifanya hivyo mara moja bila kujua. Nilipokuwa nikimtoa ndoana jike yule niliwaona samaki wengine wakiingia katikati ya wingu la vifaranga, dume akibaki peke yake kuwafukuza. Nilimrudisha majini haraka. Siku hizi nikiwaona wawili wametulia juu ya mchanga na vifaranga wakiwa chini yao, ninakunja mshipi na kupiga kasia hadi mawe yanayofuata.