Sindano au kijiti kwa mama wa Lamu

Sindano ya kupanga uzazi, ya miezi 3, ina raha moja: ukitaka kuacha, huombi ruhusa ya mtu, huendi tena kliniki tu. Ila maji yakipwa pale mkondo wa Mkanda, boti la kutoka Pate hungoja, na tarehe yako haingoji. Tena ukiacha, mimba yaweza kuchelewa miezi kadhaa.

Kijiti, nacho cha kupanga uzazi, hukaa chini ya ngozi ya mkono, juu ya kiwiko, miaka 3 au 5 kulingana na aina. Safari zinapungua. Mtihani uko kwenye kukitoa, maana lazima mhudumu. Akisema "subiri muda uishe" au "njoo na mumeo", uamuzi si wako tena. Wakati Mkataba wa CEDAW wa 1979, ule wa kimataifa wa haki za wanawake, ibara ya 16, unakupa haki ya kuamua idadi ya watoto na nafasi kati yao, na Katiba ya Kenya ya 2010, ibara ya 43, inataja huduma ya afya ya uzazi waziwazi. Kwangu, haki ya kuwekewa ni pamoja na ya kutolewa.

Hedhi, zote zaweza kuivuruga. Ukimwi hazizuii.

Wa Kizingitini, kisiwani Pate, ningemshauri kijiti. Wa Mkomani, mjini Lamu, sindano yatosha. Lakini kabla ya kuwekewa, bibi, uliza: nani atakitoa, na siku gani yupo?