Makubadhi ya kupimiwa ya Ngamiani, Tanga: miezi minne miguuni

Sukari ninayo tangu 2011, na ganzi iliingia miguuni polepole, bila hodi. Mwaka jana nilitoka swala ya Ijumaa na kandambili zangu hadi nyumbani. Mke wangu ndiye aliyeona damu sakafuni. Msumari ulitoboa soli ukaingia unyayoni, nami nimetembea nao toka Barabara ya 12. Kidonda kile kilinila miezi mitatu.

Kliniki, nesi alinifumbisha macho akawa ananigusa nyayo kwa kiuzi cha plastiki. Aligusa mara kumi, mimi nikasikia nne. Siku hiyohiyo akanipiga marufuku kandambili, maana ule mkanda wa kati ya vidole huchuna ngozi. Yeboyebo nazo akasema niwaachie wajukuu.

Ndipo nikaelekezwa kwa fundi makubadhi wa Ngamiani. Namba ya kiatu hakuniuliza. Aliniambia nirudi jioni, mguu ukishavimba kwa shughuli za kutwa, akanisimamisha juu ya boksi na kuchora mguu mmoja mmoja. Wa kulia umeuzidi wa kushoto. Miaka 63 nilikuwa sijui!

Kazi yake naisifu. Mbele pamefungwa, vidole vimebakiziwa nafasi ya upana wa dole gumba, nyuma kuna mkanda wa kisigino. Chini tairi, ndani sponji laini, na hakuna msumari hata mmoja: ni uzi na gundi tu. Nililipa 55,000.

Kasoro zipo. Siku ya kwanza niliyavaa nusu saa, nikavua nikatazama kwa kioo: pembeni ya kidole cha mwisho pamekuwa pekundu. Mshono wa ndani. Aliufumua bure, ila "njoo Jumatano" yake ilizaa Jumatano tatu. Fundi ni fundi. Tena ni mazito, na sponji ikilowa haikauki upesi, kwa hiyo msikitini natia udhu, nafuta katikati ya vidole kwa kitambaa, kisha ndiyo nayavaa. Sasa sponji ya kisigino cha kulia imelala. Kubadilisha ni 8,000, na nitabadilisha.

Kabla ya kuvaa nayakung'uta na kupitisha mkono ndani. Juzi ilidondoka shanga ya mjukuu.