Nimeshusha Impreza yangu mwenyewe uani: miezi saba na springi fupi

Nilinunua springi za Tein, zile za rangi ya kijani, seti ya springi nne, kwa ajili ya Subaru Impreza yangu ya mwaka 2006, ile ya milango mitano yenye injini ya lita 1.5. Mpaka zinanifikia mkononi zilikuwa zimenitoa laki sita na nusu. Nilizifunga hapa nyumbani Kimara, Dar es Salaam, mimi na mdogo wangu, na huu ni mwezi wa saba gari linatembea nazo. Watu wananisimamisha kuuliza nimelishusha gereji gani. Nikiwaambia ni uani kwangu, wanataka kujua kama kweli inawezekana. Inawezekana. Ila kuna hatua moja kwenye kazi hii ambayo mtu asiyeijua anaweza kuumia vibaya sana, na hiyo nitaieleza kwa kirefu kuliko mengine yote.

Kwanza niseme kwa nini sikukata springi za zamani. Gari langu la kwanza lilikatwa. Fundi alichukua grinda, akaondoa mzunguko mmoja na nusu kila upande, na kabla ya saa moja kwisha nikakabidhiwa ufunguo. Wiki ya kwanza lilipendeza. Baada ya hapo kila nikipita kwenye shimo nasikia chuma kinagonga. Ncha iliyokatwa haikai sawasawa kwenye kikalio chake, na gari likinyanyuka springi inalegea na kuhama. Siku tuliyoinua gari kubadili tairi, springi ya nyuma kulia ilikuwa inazungushika kwa mkono. Nilikuwa nimepakia familia kwenye gari hilo mpaka Moshi na kurudi. Sijawahi kusahau. Springi iliyotengenezwa fupi tangu kiwandani ugumu wake umepangwa kulingana na huo ufupi, na ncha zake zinalala pale pale zilipolala za asili. Kwangu mimi tofauti hiyo inastahili kila shilingi niliyotoa.

Kuhusu vifaa: jeki ya magurudumu, stendi mbili za kuegemezea gari, soketi ya 19 na ya 12, toki renchi (spana inayopima nguvu ya kukaza) niliyoazima kwa jirani, na jozi ya vibano vya springi vya skrubu nilivyonunua Gerezani kwa elfu sitini. Jeki iliyokuja na gari ni ya kubadilishia tairi, basi. Usiingize hata mkono chini ya gari lililoshikiliwa nayo peke yake. Siku mbili kabla nilipuliza WD-40, mafuta ya kulegezea kutu, kwenye bolti zote, asubuhi na jioni. Huko Japani kuna sehemu ambako barabara humwagiwa chumvi wakati wa theluji, na kutu niliyoikuta chini ya gari langu ilinionyesha kwamba lilitoka upande huo. Bolti moja ya chini, mbele kushoto, ilikubali tu baada ya kuchomeka bomba la chuma la mita moja kwenye spana.

Kabla ya kugusa chochote nilipima kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa bodi juu ya tairi. Mbele sentimita 38, nyuma 37. Andika namba hizo mahali, utazihitaji.

Mbele kazi iko hivi: nati tatu juu chini ya boneti, bolti mbili kubwa chini, halafu mpira wa breki na waya wa ABS (mfumo wa breki unaozuia tairi lisikwame) vilivyofungwa ubavuni mwa shokapu. Hivyo viwili vifungue kwanza, maana ukivisahau gurudumu likishuka litavivuta. Kati ya zile bolti kubwa mbili, ya juu ndiyo inayopanga mwinamo wa tairi. Ukiizungusha, tairi linalala ndani au nje. Nilipiga mstari wa rangi nyeupe kwenye kichwa chake na kwenye chuma kilicho jirani, ili nikirudisha nianzie pale pale.

Sasa shokapu iko mkononi, na springi imeizunguka. Kinachoizuia springi isiruke ni nati moja tu iliyo juu ya mhimili wa shokapu. Tuseme springi ina ugumu wa kilo tatu kwa kila milimita. Ukiibana sentimita nane, hapo umeshikilia kilo 240 zinazotafuta pa kutokea, na zikitoka hazichagui kidole wala jicho. Kwa hiyo nati ile haiguswi mpaka vibano vimekamata.

Vibano viwili vinakaa pande mbili zinazotazamana, ndoano zake zikishika mizunguko mingi kadiri inavyowezekana. Unakaza kimoja mizunguko miwili ya spana, unahamia cha pili, unarudi. Usiwe na haraka, na usitumie mashine ya upepo. Springi inatoa mlio mdogo, inatulia, inatoa tena. Utajua imetosha pale utakapoitikisa kwa mkono nayo ikacheza kwenye kikalio chake, juu na chini, bila kusukuma chochote. Hapo ndipo nati inafunguliwa, tena shokapu ikiwa imelazwa na ncha yake ikitazama ukutani, pasipo na mtu.

Kwenye shokapu ya pili kibano kimoja kiliteleza. Kilisogea kama sentimita mbili tu, lakini ule mshindo ulikuwa kama bati lililopigwa teke, na mdogo wangu alikuwa ameshanivuta shati: "Kaka, toa kichwa hapo!" Nilikaa chini dakika kumi nzima bila kushika spana. Sababu niliiona baadaye: WD-40 niliyopuliza kwa siku mbili ilikuwa imesambaa mpaka kwenye springi, na ndoano zilikuwa zimeshika chuma chenye mafuta. Tulilegeza vyote taratibu, tukafuta kwa kitambaa na petroli, tukaacha ikauke, tukaanza upya. Hili sikuwahi kuambiwa na mtu, ndiyo maana nalisema hapa: puliza bolti, funika springi.

Springi mpya, kwa kuwa ni fupi, hazidai kubanwa sana wakati wa kurudisha. Raba za kupokea kishindo zilikuwa zimemeng'enyeka, nikaweka mpya. Angalia pia sahani ya juu ya springi: ina neno OUT, na neno hilo linatakiwa litazame nje, upande wa tairi. Ya kushoto niliifunga likitazama ndani. Saa moja na nusu ya kufungua na kurudia. Nati tatu za juu zinataka Nm 20 tu (Nm ni kipimo cha nguvu ya kukaza), mkono mzito unakata skrubu zake. Zile bolti kubwa za mbele zinataka Nm 175, na hapo ndipo toki renchi inapolipa fadhila.

Nyuma ni rahisi zaidi, isipokuwa kwamba nati za juu zimejificha nyuma ya plastiki za buti, na plastiki za gari la umri huu zinakatika vishikizo usipozivuta kwa upole. Tulianza saa mbili asubuhi Jumamosi, mbele ikaisha jioni. Nyuma tukaimaliza Jumapili kabla ya chakula cha mchana.

Siku ya tatu nikaanza kusikia mlio wa raba nyuma kila nikipanda tuta. Tatizo lilikuwa hili: bushi, yaani raba za maungio, za mikono inayoshika magurudumu ya nyuma zilikuwa zimekazwa tangu zamani gari likiwa na kimo chake cha awali, na nilipolishusha zikabaki zimejipinda. Nililipandisha juu ya mbao nne imara, matairi yote yakiwa yamebeba uzito, nikalegeza bolti za mikono ile, nikaitikisa bodi mara kadhaa, kisha nikazikaza hapo hapo likiwa limesimama kwa miguu yake. Mlio ukaisha, na haujarudi mpaka leo.

Malalamiko yangu makubwa hayahusu springi. Kituo cha kwanza nilichokwenda kupanga matairi waligusa rodi za usukani tu, wakanipa karatasi na kunitoza elfu arobaini. Miezi miwili baadaye nilipitisha kiganja ndani ya tairi la mbele nikakuta ukingo umelika mpaka umekuwa laini, nje bado kuna kashata nzima. Gari likishuka, tairi linalala kwa ndani, na mtu asipoigusa ile bolti ya juu hajapanga kitu. Kituo cha pili niliwaonyesha bolti yenyewe, wakaipanga nikiwa nimesimama pale. Kwa hiyo dai uonyeshwe namba za mwinamo, za kabla na za baada. Na usiku wa kwanza panga taa zako ukutani, maana mwanga nao unabadilika mbele na nyuma zisiposhuka sawa.

Baada ya wiki mbili nilipima tena. Mbele 34.5, nyuma 34. Zilianzia 35 na 34.5, kisha zikalala nusu sentimita zenyewe, na hapo zimebaki. Kwenye njia nane za Kimara hadi Kibaha gari limetulia kwa namna ambayo sikuitegemea kwa injini ndogo kama hii: nikibadili njia bodi haiyumbi, na usukani unajibu papo hapo. Mke wangu, ambaye hakuwa upande wangu kabisa, alisema sasa halimtii kichefuchefu kwenye kona. Kwenye vumbi la mtaani kwetu ni habari nyingine. Kila kokoto linasikika. Watu wazima watatu wakikaa nyuma, tuta la kwenye kona ya duka nalipanda kwa mshazari, gurudumu moja moja, na hata hivyo mara mbili limegusa.

Kama ningeanza upya, ningenunua shokapu pamoja na springi. Zangu zilikuwa na umri wa gari lenyewe, na springi ngumu zaidi zinaitaka shokapu ifanye kazi zaidi kwenye nafasi ndogo zaidi. Mwezi wa tano ya nyuma kushoto ikaanza kutoa mafuta. Sasa gari linaruka mara mbili au tatu kabla ya kutulia upande huo. Mwenye shokapu zilizochoka asitegemee springi mpya zimfichie uchovu huo.

Springi zenyewe hazina kutu, rangi haijabanduka, hazigongi. Shokapu mpya zimeshafika, ziko kwenye boksi chini ya kitanda zikisubiri Jumamosi ya mwisho wa mwezi, na vibano nimeshavifuta mafuta.