Wiki tano na mkanda wa kupima mawimbi ya ubongo

Nauza dagaa hapa soko la Mwaloni, Kirumba, Mwanza, na oda zangu huwa nazishika kichwani: wa Kahama magunia mawili, wa Shinyanga moja, wa Geita kalipa nusu. Mwaka huu zikaanza kunitoroka kabla sijageuka kupima. Mama yangu alifika mahali akasahau hata majina yetu, kwa hiyo niliogopa kweli. Nikachomoa pesa kwenye mtaji, nikanunua mkanda wa kichwani unaopima mawimbi ya ubongo.

Siku ya kwanza taa ya mkanda ilikataa kuwa kijani. Nilikuwa nimesuka rasta, na sensa mbili lazima ziguse ngozi nyuma ya masikio. Mtoto wa kaka yangu, anayesoma saikolojia, ndiye aliyenisaidia. “Shangazi, umeme wa ubongo unahesabiwa kwa sehemu ya milioni ya volti. Haupiti kwenye nywele na mafuta.” Tukafuta ngozi kwa kitambaa kibichi, tukabana rasta juu, ikashika. Na usitafune kitu: nikiuma meno tu, mistari yote ya mawimbi kwenye simu inachafuka.

Tulianza na kufumba macho. Mawimbi ya alfa, mizunguko 8 hadi 13 kwa sekunde, yakapanda, nikafumbua, yakashuka. Jina hilo la alfa lilitolewa na Hans Berger, Mjerumani aliyerekodi mawimbi ya ubongo wa binadamu mwaka 1924. Nilipoyaona yangu yanatii kope zangu, nilisisimka mwili.

Kisha kumbukumbu. Programu ya mkanda kwenye simu inaonyesha tarakimu moja moja, inanyamaza sekunde chache, halafu inauliza: 4 ilikuwemo? Kwa tarakimu tatu nilijibu bila shida. Zilipofika saba, mawimbi ya theta, mizunguko 4 hadi 8, yakainuka kwenye paji la uso. Hiyo ni kawaida, ubongo unabeba mzigo.

Lakini theta hupanda pia mtu anaposinzia, na hapo ndipo ninapoilaumu hiyo programu. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza, na sisi tunaamka saa tisa kusubiri mitumbwi. Wiki za giza theta yangu ilikuwa juu, programu ikanipa alama nzuri ya “umakini”, kumbe nimekosa majibu karibu nusu! Mbalamwezi ilipotoka, wavuvi wakapumzika, nikalala usiku kucha, nikapata tarakimu saba karibu zote. Alama ya umakini ikashuka.

Kwa hiyo ukiununua, soma mawimbi pamoja na majibu yako, hiyo alama iache. Na kama unahofia ugonjwa kama mimi, nenda kwa daktari; mkanda huu haupimi ugonjwa. Mimi nimeshaenda, nasubiri kurudi mwezi ujao. Oda za wiki za giza naziandika kwenye daftari.