Klabu ya kuogelea ndani ya bwawa la hoteli, Malindi: mzazi mgeni analipia nini hasa

Mzazi anayempeleka mtoto klabu kwa mara ya kwanza hutazama kama maji ni safi, kama kocha ana sauti ya upole, na kama mtoto ametoka majini akicheka. Hayo yote yana uzito. Lakini kuogelea kwa mashindano ni mchezo wa saa. Mtoto hushindana na muda wake wa mwezi uliopita kabla hajashindana na mwenzake wa njia ya pili. Ndiyo maana huduma hii tumeipima kwa swali moja: muda wanaomwandikia mwanao utakubalika akitoka nje ya lango la hoteli?

Klabu yenyewe hufundisha watoto wa miaka 7 hadi 14, siku nne kwa wiki, asubuhi na jioni, katika bwawa la kukodi. Jina lake na la hoteli tumeyaacha, kwa kuwa sifa na kasoro zake utazikuta kwa yeyote wa pwani yetu anayetegemea bwawa la watalii. Jambo la kujua mapema: hapa si mahali pa kuanzia. Mtoto anapokelewa akiwa tayari anaweza kwenda mita 25 bila kushika kitu. Asiyeweza anahitaji mwalimu wa kumfundisha kuelea na kupumua kwanza, na klabu haifichi hilo.

Tuanze na bwawa, maana ndipo penye tatizo. Mabwawa mengi ya hoteli zetu yalijengwa ya kupumzikia: kona za mviringo, ngazi zinazoingia ndani ya maji, kisiwa kidogo katikati chenye mnazi. Hili la klabu angalau lina kuta mbili zilizonyooka zinazotazamana, na bila hizo mtoto hawezi kujifunza kugeuka. Urefu wake lakini ni mita 20, na muda rasmi huandikwa katika bwawa la mita 25 au la mita 50 tu. Piga hesabu uone. Mbio za mita 50 hapa ni safari mbili na nusu, kwa hivyo mtoto angemalizia katikati ya maji, pasipo ukuta wa kugusa. Mbio za mita 100 zinaenea, safari tano kamili, ila mtoto anageuka mara 4. Katika bwawa la mita 25 angegeuka mara 3, na katika la mita 50 mara 1 tu. Kila kugeuka kunampa msukumo wa ukuta, na sekunde chache za kuteleza chini ya maji ambazo mikono inapumzika. Mtoto aliyezoea bwawa fupi akiingia refu, muda wake huongezeka na nguvu humwishia njiani. Hajaharibikiwa wala hajazembea. Mzazi asiyejua hili humgombeza mtoto bure.

Hapa kocha tunampa sifa yake: kila muda anaouandika kwenye daftari la mtoto anauwekea urefu wa bwawa pembeni, na za mita 20 hazichanganyi na nyingine. Ukienda klabu nyingine, usitegemee urefu ulioandikwa kwenye tangazo la hoteli. Beba futi ya fundi ya mita 30, pima ukuta kwa ukuta, usawa wa maji.

Kina nacho kina sheria yake. Chini ya jukwaa la kurukia maji yanatakiwa yawe na kina cha mita 1.35 au zaidi, kuanzia mita 1 hadi mita 6 kutoka ukutani. Upande wa maji machache wa bwawa hili una mita 1 tu. Kocha haruhusu mtu kuruka kichwa mbele upande huo, na mazoezi yote ya kuanza mbio hufanyika upande wa pili. Tungetaka kuliona katazo hilo limechorwa sakafuni kwa rangi nyekundu, maana watoto husahau, na shingo iliyogonga sakafu haina dawa.

Maji. Jua letu hula klorini mchana kutwa, hasa bwawa likiwa halina kivuli. Kiwango kinachotakiwa ni miligramu 1 hadi 3 kwa lita, na pH, yaani kipimo cha uchachu wa maji, kati ya 7.2 na 7.8. Harufu kali ya klorini wengi huiona dalili ya usafi, kumbe ni kinyume: ni klorini iliyokwisha kuungana na jasho na mkojo, na ndiyo inayochoma macho na kuwakohoza watoto. Mwombe mhudumu wa bwawa akuonyeshe kipimo chake. Kazi hiyo haimalizi dakika mbili. Siku za asubuhi hapa maji yalikuwa sawa. Jioni, baada ya wageni wa hoteli kushinda humo na mafuta yao ya kujipaka, harufu ilikuwepo. Mtoto aoge kwa maji ya bomba kabla ya kuingia na baada ya kutoka, na nywele zilowe kabla ya kuvaa kofia: nywele iliyokwisha kunywa maji matamu hainywi klorini nyingi.

Sasa mafunzo yenyewe, ambapo klabu hii inastahili ada yake. Kocha huandika zoezi ubaoni, na mzazi akijua kuusoma ataelewa mengi. Ukiona "8 × 50, 1:15" kwenye ubao wa klabu yenye bwawa la mita 25, maana yake ni mita 50 mara nane, na mtoto anaondoka ukutani kila baada ya dakika 1 na sekunde 15. Akifika kwa sekunde 55, anapumzika 20. Akifika kwa 70, anapumzika 5. Mapumziko yamo ndani ya muda huo, hayaongezwi juu yake. Mtoto anayelalamika kwamba hapewi nafasi ya kupumzika, mara nyingi amewekwa kwenye kundi la kasi isiyo yake, na dawa ni kumhamisha njia. Hapa wanamhamisha bila kumwaibisha. Kasoro tuliyoiona ni kwamba, kwa kuwa mita 50 haziishii ukutani, kocha analazimika kutumia 40 na 60, na mzazi akilinganisha na mazoezi ya klabu za Mombasa anachanganyikiwa.

Mitindo ni minne: huru, chali, chura na kipepeo. Wazazi hupenda kasi, lakini mtoto mgeni huangushwa na sheria zaidi ya kasi. Kwenye chura na kipepeo, mikono yote miwili iguse ukuta kwa wakati mmoja, wakati wa kugeuka na wakati wa kumaliza. Mtoto akiwa amechoka hunyoosha mkono mmoja, na mwamuzi humwondoa hata kama ameongoza mbio nzima. Kosa la pili la chura ni teke la mkasi, mguu mmoja ukienda chini na mwingine pembeni. Mara nyingi chanzo chake ni nyonga iliyoinama upande mmoja, na kocha huyu hulirekebisha nchi kavu, mtoto akiwa amelala kifudifudi kwenye benchi. Kwenye kipepeo, miguu ikipishana kama ya mtindo huru, ameondolewa. Katika huru, chali na kipepeo, kichwa kiwe kimetokeza juu ya maji kabla ya mita 15 baada ya kuanza au kugeuka. Na anayeanza kabla ya ishara hupewa nafasi moja tu, nayo ndiyo hiyo aliyoipoteza.

Chali ina jambo lake. Bendera ndogo hutundikwa juu ya maji, mita 5 kutoka ukutani, ili mtoto asiyeona aendako ahesabu mikono yake kutoka hapo hadi kugusa. Mmoja atahesabu minne, mwingine sita. Kila mtoto ana idadi yake, na hubadilika anaporefuka. Klabu hii haina bendera. Hoteli hairuhusu nguzo. Matokeo yake watoto hugeuza shingo kutafuta ukuta na kupoteza mwendo, au hujipindua kifudifudi mapema wakati wa kumaliza, jambo linalowaondoa. Kamba iliyofungwa vipande vya leso kuukuu, ikavutwa upande hadi upande mita 1.8 juu ya maji, ingetosha kabisa, na ikafunguliwa mazoezi yakiisha. Hatuoni sababu ya kutofanya hivyo.

Watoto wa Lamu wanaopiga mbio za kuogelea baharini wakati wa Maulidi wana pumzi na ushujaa ambao bwawa halimpi mtu. Mtoto wa namna hiyo akiletwa klabu, kinachomshinda ni ukuta: hajui kujibiringisha na kusukuma. Mpe wiki kadhaa za kugeuka tu, utashangaa.

Vifaa klabu haiuzi, ila inatoa orodha, na orodha ni nzuri isipokuwa ni ndefu mno kwa mwezi wa kwanza. Nunua miwani, kofia na vazi. Miwani ijaribiwe dukani: ibandike machoni bila mkanda, ukiiachia ishike sekunde moja au mbili, isiposhika, haimfai uso wake, hata iwe ya bei gani. Ndani ya kioo usipanguse kwa kidole, utaondoa dawa ya kuzuia ukungu. Zile zinazofunika na pua ni za kutazamia samaki, si za mbio. Vazi la poliesta hudumu kwenye klorini kuliko lenye laikra nyingi. Fulana ya pamba hunyonya maji, humvuta mtoto chini na kuziba chujio. Kofia ya silikoni haing'oi nywele kama ya mpira mwembamba. Kwa nywele nyingi au zilizosukwa kuna kofia kubwa, na tangu mwaka 2022 aina hiyo ya Soul Cap imekubaliwa katika mashindano ya kimataifa. Mapezi, ubao wa kupigia miguu na boya la mapajani vinaazimwa hapo hapo bwawani, subiri.

Mabinti wanaovaa vazi la kufunika mwili hufanya mazoezi bila kusumbuliwa, na hilo tumelipenda. Kwa upande wa gala, yaani mashindano ya kuogelea, mwambie kocha amwandikie mwamuzi mkuu mapema, asisubiri asubuhi ya mbio. Wakati wa Ramadhani klabu huhamisha mazoezi usiku na kupunguza mita, lakini ratiba hutangazwa siku mbili kabla, na mzazi mwenye watoto watatu hawezi kujipanga kwa siku mbili.

Ada ya mwezi si gharama kubwa ya mchezo huu. Kubwa ni gala. Kila mbio ina kiingilio chake, kuna usajili wa mwaka, na kuna barabara: Mombasa ni takriban kilomita 120, na mtoto anatakiwa majini alfajiri kupasha mwili. Uliza kila kitu kimoja kimoja, kimeandikwa. Uliza pia umri unahesabiwa siku gani. Gala nyingine huhesabu siku ya kwanza ya mbio, nyingine tarehe 31 Desemba, na mtoto wa Novemba anaweza kujikuta kundi la wakubwa. Safari ya Nairobi, kwenye bwawa la mita 50 la Kasarani, ina jingine: mji ule uko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, na mtoto wa pwani huishiwa pumzi mapema. Mara ya kwanza mwandikishe mbio za mita 50, mita 200 zingoje.

Mzazi naye atapewa saa ya kupimia, ajiandae. Simama juu kabisa ya ukuta wa njia yako. Bonyeza unapoona mwanga wa kifaa cha kuanzishia, wala usingoje mlio; sauti ikitoka mita 25 huchelewa karibu sekunde 0.07. Mwisho, inama utazame chini moja kwa moja, na usimamishe saa mwili unapogusa ukuta. Mkiwa watatu na saa zikatofautiana zote, huchukuliwa muda wa katikati. Klabu hii huwafundisha wazazi kazi hii jioni moja kabla ya kila gala, na hakuna huduma yao tunayoithamini zaidi.

Chakula kiwe saa mbili au tatu kabla ya mbio: wali kidogo, mkate, ndizi. Mahamri na viazi karai mafuta yake hukaa tumboni. Viwekwe vya kurudi navyo nyumbani. Kati ya mbio, ndizi nusu, maji, na leso kavu mabegani, maana mtoto aliyelowa hupoa haraka hata kwa joto letu.

Na beba kalamu ya wino usiofutika. Orodha ya mbio ikibandikwa, mkaushe mtoto mkono kabla ya mafuta ya jua, umwandikie mistari: namba ya mbio, mtindo na mita, namba ya mchujo, namba ya njia. Wenye muda wa kasi huwekwa njia za katikati, kwa hivyo mgeni usishangae akipewa ya 1 au ya 8. Andika kwa herufi kubwa, zikimwelekea yeye.