Damu au amri: Antigone na Creon

Mjadala huu haupoi tangu Sophocles, mtunzi wa Ugiriki ya kale, alipoandika tamthilia ya Antigone, karibu mwaka 441 KK. Creon, mtawala wa Thebes, anaamuru Polynices asizikwe; Antigone, dada yake Polynices, anamzika. Nani alikuwa na haki, dada au mtawala?

Kwa msingi, Creon ana hoja nzito kuliko wengi wanavyokubali. Polynices aliuvamia mji wake mwenyewe, Thebes, kwa jeshi la kigeni. Hata Athens msaliti hakuzikwa katika ardhi yake. Mji uliotoka vitani jana unahitaji amri moja.

Kwa uthabiti, namchagua Antigone. Walinzi wanaupangusa mwili vumbi, wanakwenda kukaa kilimani kuukimbia uvundo. Yeye anarudi, analia kama ndege aliyekuta kiota kitupu, anakusanya vumbi kwa mikono na kumwaga sadaka mara tatu. Anapokamatwa hakani. Creon analegea baada ya onyo la nabii Tiresias, akiwa amechelewa. Ila Antigone naye anasema asingevunja amri kwa ajili ya mume wala mtoto, maneno yanayonisumbua kila nikiyasoma.

Gharama? Antigone anajinyonga pangoni alimofungiwa na Creon. Creon anabaki hai, bila mwana wala mke.

Ukikabidhiwa watu waliochoka na vita, msikilize Creon, lakini usizibe masikio kama alivyomzibia mwanawe Haemon. Ukiwa na maiti ya ndugu yako isiyo na wa kuizika, utamwelewa Antigone. Na ukiwa Ismene, dada aliyeogopa kisha akataka kufa pamoja naye, huna pa kuegemea.